Kiganja Kimoja Kati ya Kinu na Ukuta

Asubuhi niliyoanza kazi ya ujenzi sikuwa natafuta kazi. Nilikuwa natafuta maji yanakotoka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha nikiwa darasa la tano, na sikufukuzwa. Darasa letu lilikuwa na dirisha moja, mimi nilikaa mbali nalo, na siku moja nilitoka kwenda kuona huko nje kuna nini. Nilikuwa bado naangalia. Baba yangu alikuwa ametoka Unyamwezini kuja kukata mkonge, na kijito cha kambini kwetu kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilipopita Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, siku moja nikakuta maji yanayoshuka mlimani ni safi hata unaona kokoto chini. Nikataka kujua juu zaidi yakoje. Asubuhi iliyofuata nikatia shati moja na mihogo miwili ya kuchoma kwenye mfuko, nikaanza kupanda Uluguru. Sikumuaga mtu, maana sikujua ningemwambia naenda wapi.

Karibu na adhuhuri kijito kiligawanyika. Upande mmoja maji yalirukaruka mawe kama kawaida yake. Upande wa pili yalitembea taratibu ubavuni mwa mlima, ndani ya mfereji wa mawe, kama yaliyoambiwa yasikimbie. Maji hayajiongozi hivyo yenyewe. Nikaufuata mfereji hadi nikasikia nyumba inanguruma.

Ilikuwa nyumba ya kinu, iliyojengwa na misheni kabla baba yangu hajazaliwa. Wenyeji waliiita mashine ya maji. Ukiitazama kutoka juu ya mteremko ilionekana kibanda cha ghorofa moja chenye vigae. Ukishuka chini yake unakuta ghorofa tatu za mawe, na gurudumu la mbao refu kuliko watu wawili likizunguka ubavuni. Nilisimama mdomo wazi. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi.

"We! Unatafuta nini hapa?"

"Natafuta maji yanakotoka."

"Yanatoka juu. Umeshajua. Sasa nenda." Kisha akanitazama vizuri. "Mtu wa wapi wewe?"

"Mnyamwezi."

Akapiga makofi, unga ukaruka. "Haa! Mtani wangu! Mpagazi wangu amejileta kwa miguu yake mwenyewe! Shika gunia hilo, peleka juu."

Kwa vijana wasiojua: Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, hata kukukamata njiani akudai faini, na wewe huruhusiwi kukasirika. Nikabeba gunia. Mwanamke huyo alikuwa Mama Koleta, msimamizi wa kinu, kama miaka kumi mbele yangu kwa umri. Ndiye bosi wangu wa kwanza, na mshahara wangu wa kwanza ulikuwa sahani ya ugali wa unga uliokuwa bado na joto la jiwe.

Bosi wa pili nilimkuta juu ya paa. Alikuwa Fundi Mkuu wa misheni, mzee mfupi, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwa kali. Alikuwa anabadilisha mtambaapanya, yaani ile boriti inayolala juu ya ukuta ili kenchi za paa zipate pa kukalia.

"Bwana mdogo, unaogopa kupanda juu?" akaniuliza.

"Shikamoo. Sijui, sijawahi kupanda."

"Marahaba. Jibu zuri. Wanaosema hawaogopi ndio wanaonivunjia vigae. Lete nyundo."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Jioni ile Fundi Mkuu alinitembeza nyumba nzima, na sijawahi kupata shule kama ile. Ghorofa ya chini tuliiita tumbo. Humo mhimili wa gurudumu uliingia kupitia ukutani na kuzungusha magurudumu ya meno. Ghorofa ya kati ndiko yalikokaa mawe mawili ya kusagia, la chini limelala na la juu linazunguka. Ghorofa ya juu nafaka ilimwagwa kwenye sanduku lenye mdomo mwembamba, ikashuka yenyewe kwenye mawe. Hakuna aliyebeba kitu kwenda chini. Mlima ulifanya kazi hiyo. Ndiyo maana nyumba iliegemezwa kwenye mteremko: mahindi yaingie kwa mlango wa juu na unga utokee kwa mlango wa chini.

Kuta zilikuwa za mawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Chokaa ililowekwa shimoni kwa wiki nyingi hadi ikawa laini kama mtindi. Chini ukuta ulikuwa na unene wa mkono wangu mzima, kisha ulipungua kila ghorofa. Kila baada ya hatua mbili liliwekwa jiwe refu linalopita kutoka nje hadi ndani, Fundi Mkuu aliliita jiwe la kufunga, kazi yake kuzuia ngozi mbili za ukuta zisiachane. Madirisha ya upande wa maji yalikuwa madogo, ya upande wa jua makubwa. Niliuliza kila kitu. Fundi Mkuu alijibu kila kitu, isipokuwa kimoja.

Mawe ya kusagia hayakukaa juu ya kuta. Yalibebwa na kiunzi, yaani nguzo nne nene za mvule na boriti zake, zilizosimama ndani ya nyumba kwa miguu yao zenyewe. Kati ya kiunzi hicho na ukuta kulikuwa na nafasi. Niliingiza mkono: kiganja kimoja kilichosimama, pande zote, juu hadi chini.

"Hii mliisahau?" nikauliza.

Fundi Mkuu akacheka. Akachukua vikombe viwili vya bati, akavijaza maji, kimoja akakiweka juu ya boriti ya kiunzi na kingine kwenye kizingiti cha dirisha. Mama Koleta akafungulia maji, jiwe likazunguka. Maji ya kikombe cha kwanza yalicheza hadi yakamwagika. Ya dirishani yalitulia kama kioo.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Siku utakaponiambia wewe kwa nini, nitakupa ufunguo wa chumba cha juu." Kwenye chumba hicho kidogo chini ya paa alilala yeye, na dirisha lake lilitazama hadi mjini. "Kule juu analala mtu anayeijua nyumba. Wewe utalala banda la vifaa."

Nililala banda la vifaa miezi kumi na minne.

Sasa nifike mahali ambapo kwa miaka mingi nilikuwa naruka nikisimulia.

Miaka ile saruji ilikuwa haionekani. Mfuko mmoja uliombewa kibali, ukasubiriwa, ukapandishwa mlimani kichwani mwa mtu kama bibi harusi. Nyumba iliyopigwa lipu ya saruji ilitembelewa na wageni. Sisi tuliokua wakati huo tuliamini hakuna ugonjwa wa nyumba ambao saruji haiponyi. Misheni ilipata mifuko michache kwa ajili ya tangi la maji, na tulipomaliza ikabaki nusu mfuko. Fundi Mkuu alikuwa ameitwa kituo kingine cha misheni. Saruji hiyo nayo haikubali kusubiri. Kwenye ukungu wa milimani ikikaa wiki mbili inageuka jiwe mfukoni.

"Mnyamwezi," Mama Koleta akaniambia asubuhi moja, "ile nafasi yenu inakula unga wangu. Unga unadondokea mle, panya wanashiba, mimi nalaumiwa. Wewe si fundi?"

Nilitaka sana kuwa fundi. Nilitaka Fundi Mkuu arudi akute jambo nililolifanya bila kuagizwa. Nikajaza ile nafasi ya upande wa maji kwa mawe madogo na saruji, kutoka sakafu ya ghorofa ya kati hadi usawa wa dirisha. Mama Koleta alinibebea mchanga. Nikalainisha kwa mwiko hadi ikang'aa, na kabla haijakauka nikabandika kiganja changu pale, vidole vitano, kama sahihi.

"Sasa imekuwa kama benki," Mama Koleta akasema, na mimi nikavimba kichwa.

Fundi Mkuu hakurudi. Miguu ilimsumbua huko alikokwenda, wanawe wakamchukua, na mlima hakuupanda tena. Kikombe cha maji hakuna aliyekiweka dirishani. Miezi mitatu baadaye nilisikia kuna daraja linajengwa upande wa pili wa mlima, na sikuwahi kuona daraja likijengwa. Nikaondoka.

Nilifanya kazi sehemu nyingi. Nitataja moja tu, Dakawa, kwenye ujenzi wa nyumba ya mashine ya kukoboa mpunga. Bosi wangu alikuwa Mhandisi, mtu mwembamba aliyeongea polepole hata akiwa na hasira. Tulikuwa tunamwaga zege la kukalia mashine, na mimi nikalisogeza hadi likagusa msingi wa ukuta ili kuokoa mbao.

"Ondoa," Mhandisi akasema. "Zege la mashine lisikutane na msingi wa nyumba. Acha nafasi."

"Kwa nini, bwana?"

"Mashine inatetemeka. Hiyo ndiyo kazi yake. Ukuta kazi yake kutulia. Ukivishikanisha, ukuta utafundishwa kutetemeka, na ukuta haujui ngoma hiyo. Utapasuka."

"Utapasuka lini?"

"Mwanzoni huoni kitu. Ndiyo ubaya wake."

Nilisimama na koleo mkononi. Kichwani niliona kikombe cha bati dirishani na maji yametulia. Nikaona pia kiganja changu.

Mngetegemea niseme nilipanda mlima kesho yake. Sikupanda. Nilisema baada ya mavuno. Halafu nikasema baada ya mvua. Nilihamia Kihonda, Morogoro mjini, nikafanya kazi karakana ya kufunga mashine za kusaga za umeme, na kwa miaka mingi nilijulikana kama fundi mwenye kikombe. Kila mashine niliyofunga nilipima kwa kikombe cha maji dirishani, na kila mteja niliyemwelezea alinisifu kwa akili ambayo haikuwa yangu. Nilijua njia zote zinazotoka Morogoro, ila ile moja ya kupanda kinuni sikuigusa.

Kisha magoti yakanistaafisha. Nikapanga chumba Bigwa, nikawa nanunua kabichi kwa mama mmoja anayeshuka nazo kutoka juu kila Jumanne. Nikamuuliza siku moja, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama mashine ya maji bado inasaga.

"Inasaga, ila Jumamosi hii inabomolewa," akasema. "Ukuta wa upande wa maji umepasuka. Kamati inajenga kibanda cha tofali, italetwa mashine ya dizeli. Wanasema Mama Koleta aliacha mfereji ufurike, msingi ukalainika. Masikini, maisha yake yote pale, leo anaambiwa ndiye aliyeiangusha nyumba."

Kabichi sikuinunua. Asubuhi ileile nilitia tindo na nyundo kwenye mfuko, nikaanza kupanda. Safari hii nilijua naenda wapi, na ndiyo maana njia ilikuwa ndefu.

Nilimkuta Mama Koleta ameketi mlangoni anachambua mahindi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, nyusi zake sasa nyeupe bila unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mtani wako."

Akakunja uso, kisha ukafunguka. "Mpagazi! Umechelewa. Gunia lako bado liko palepale."

Tulicheka, lakini nilikuwa nimeshauona ukuta. Ufa ulianzia kona ya dirisha la kati ukashuka hadi karibu na msingi, kidole kinaingia. Nikamuuliza habari ya mfereji. Akaacha mahindi.

"Wanasema nilisahau kufunga mlango wa maji. Mimi sikumbuki kusahau," akasema. "Lakini nimezeeka, Mnyamwezi. Asiyekumbuka kusahau atajiteteaje? Labda ni mimi kweli."

Hapo nikaona kwamba nikinyamaza siku moja zaidi sitapata tena pa kujificha mbele ya nafsi yangu. Nikamshika mkono, tukaingia ghorofa ya kati. Nikasogeza magunia yaliyoegemea ukutani. Kiganja kilikuwepo, kimejaa vumbi la unga. Nikaweka changu juu yake. Kilikuwa kimenenepa na kupinda, lakini vidole vilikaa mahali pake. Nikamweleza yote: kikombe, Dakawa, miaka niliyojua nikakaa kimya.

Akatoka, akaenda kukaa kando ya mfereji akinipa mgongo. Mimi nilibaki na ile saruji yangu. Aliporudi aliketi juu ya gunia, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Mimi ndiye niliyekwambia uzibe."

"Uliniambia habari za panya."

"Na mchanga nikabeba." Akatikisa kichwa, mabega yakaanza kucheza, nikajua anacheka. "Eti kama benki!" Kisha akanyoosha kidole. "Lakini hiyo miaka uliyojua ukanyamaza ni yako peke yako, hiyo sigawani nawe. Kesho utamwambia Mwenyekiti kwa mdomo wako. Ukikimbia tena, nitakufuata hata Tabora."

Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi alikuwa kijana mtaratibu, mwenye simu iliyojaa picha za ule ufa. Alinisikiliza hadi mwisho, na kwa hilo namheshimu.

"Mzee wangu," akasema, "nakushukuru kwa kuja. Ila nyumba hii imezeeka tu."

"Nyumba haizeeki upande mmoja, Mwenyekiti. Twende ukaangalie kuta nyingine tatu. Huko nafasi iko wazi."

Akaziangalia. Hazikuwa na ufa hata wa unywele. Nikajaza kikombe maji, nikakiweka kwenye kizingiti cha dirisha lililopasuka, Mama Koleta akafungulia mlango wa maji. Maji kikombeni yakachora duara ndani ya duara, yakatetemeka kama mgonjwa wa homa. Mwenyekiti akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akamtazama Mama Koleta.

"Basi si mfereji," akasema polepole.

"Si mfereji," nikasema. "Na si yeye."

"Ubomoaji ni Jumamosi. Maji yakitulia kabla ya hapo, tutaongea."

Ilikuwa Jumatano. Nilipiga tindo siku mbili na nusu, na naweza kuwaambia kwamba nilikuwa fundi mzuri kuliko nilivyojidhania, maana ile saruji haikutaka kutoka. Mama Koleta aliketi kwenye ngazi akinihesabia makosa. Nilipofika chini kabisa, nyuma ya kipande cha mwisho, tukakuta tundu lililotandikwa manyoya, nyuzi za magunia na unga wa miaka, na panya wawili wanene wakatoka wakitembea bila haraka.

"Kumbe uliwajengea nyumba!" Mama Koleta akapiga ukelele. "Nyumba ya saruji! Mimi mwenyewe sijawahi kulala kwenye saruji!"

Alicheka hadi ikabidi ashike nguzo.

Jumamosi asubuhi Mwenyekiti alikuja na mafundi wake na nyundo zao kubwa. Nikampa kikombe akijaze mwenyewe. Akakiweka kizingitini kwa mikono miwili, kama anaweka sadaka. Maji yakafunguliwa, gurudumu likaanza kugeuka, kiunzi kikanguruma chini ya miguu yetu. Tuliinama wote, vichwa vinakaribia kugongana.

Maji yalitulia. Mle ndani lilionekana dirisha lote na kipande cha wingu.

Mwenyekiti akawageukia mafundi wake: "Wekeni chini nyundo. Nani anajua kuloweka chokaa?" Hakuna aliyejua. Wakanigeukia mimi.

Ufa haujajifunga, na hautajifunga wenyewe. Tumebandika juu yake vipande vitatu vyembamba vya chokaa, navyo ni mashahidi: kimoja kikipasuka tutajua ukuta bado unatembea. Hadi ninapoandika havijapasuka. Chokaa iko shimoni inalainika, na ikiwa tayari tutapachika mawe matatu mapya ya kufunga. Vijana wanne wa kamati wananiuliza maswali mengi kuliko nilivyomuuliza Fundi Mkuu. Nawajibu yote. La nafasi ya kiganja ndilo nawajibu kwanza, na silifanyi fumbo. Fundi Mkuu alinifundisha mengi, ila naona hapo alikosea, kuniacha nisubiri jibu nikiwa na saruji mkononi. Mkiwa mabosi, wanangu, elezeni sababu siku ya kwanza. Na mliofanya kosa, rudini mapema, magoti yakiwa bado yanakubali mlima.

Jumamosi ile, watu walipoondoka, nilichukua mfuko wangu nikaelekea banda la vifaa, kwa mazoea tu. Mama Koleta akanizuia mlangoni.

"Wapi wewe? Hujalipa faini."

"Faini gani, mama?"

"Mtani ameniharibia nyumba, nimemkamata. Haondoki mpaka ukuta upone." Akatoa ufunguo mfukoni, wa chuma, mrefu, umeliwa na kutu kwenye meno. "Chumba cha juu. Hakijalaliwa tangu mzee yule ashuke. Fagia mwenyewe."

Nilipanda ngazi ambayo katika miezi kumi na minne sikuwahi kuruhusiwa kuimaliza. Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda cha kamba na dirisha, na jua la alasiri limejaa hadi kwenye kenchi. Mji wote ulionekana kule chini, na njia zote nilizozipita. Nikaweka mfuko sakafuni. Nikaweka kikombe dirishani.

Chini, Mama Koleta alikuwa na wateja wawili. Nikasikia maji yakifunguliwa.